Mizani Jikoni kwa Dada

Watu hudanganya kuhusu chakula kuliko wanavyodanganya kuhusu umri, na mtu aliyelijua hilo vizuri kuliko wengi ni mwanamke mmoja aliyeitwa Mizani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa mtaani, kwa sababu kila asubuhi alionekana akipita na begi mgongoni, ndani yake mna mizani ya jikoni, bakuli mbili tatu na kitambaa safi cha kufutia, akienda kushinda katika jiko la watu asiowajua na kupima kila kilichoingia mdomoni mwao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chuo kimoja kilikuwa kimetunga dodoso la chakula. Unakula nyama mara ngapi kwa wiki? Maharage je? Sahani yako ya wali inafanana na ipi kati ya hizi zilizo kwenye picha? Maswali hayo yalikusudiwa kuulizwa kwa maelfu ya watu baadaye, lakini kwanza wakubwa walitaka kujua kama majibu yake ni ya kuaminika au ni porojo tupu. Kwa hiyo kila nyumba iliyochaguliwa ilianza kwa kutembelewa na muulizaji, bwana mmoja mnene mwenye maneno matamu, ambaye wenzake walimwita Mara Ngapi kwa kuwa ndilo swali alilokuwa akiliuliza kutwa. Baada yake alikuja Mizani, siku kadhaa, kupima chakula chenyewe. Na siku ya mwisho ya kupima, mhusika alipewa dumu la plastiki akusanye mkojo wake wote wa mchana na usiku, ili maabara itazame kilichofika mwilini kweli. Halafu vitu hivyo vitatu, mdomo, mizani na mkojo, viliwekwa pamoja ionekane vinapatana wapi na vinagombana wapi.

Mara nyingi viligombana. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyemwambia Mara Ngapi kwamba hawezi kulala bila kula tunda, na Mizani akashinda kwake siku zote hizo bila kuona hata ganda la ndizi. Kulikuwa na mama mwenye duka aliyeapa kwamba sukari haigusi, kisha akakoroga chai mbele ya mizani mpaka kijiko kikasimama, akasema leo tu, kwa sababu ya mgeni. Mizani hakucheka wala hakunyanyua nyusi. Alipima, akaandika, akanyamaza.

Kunyamaza ilikuwa sehemu ya kazi. Mpimaji hasifu, hakosoi, hasaidii kupika, hapokei hata chai. Na jambo kubwa kuliko yote, tangu chakula kinapopakuliwa mpaka mabaki yanaporudishwa kwenye mizani, macho yake hayaondoki kwenye ile sahani. Mtoto anaweza kudokoa. Mwenye sahani anaweza kumwagia mwenzake. Paka ana mambo yake. Ukipepesa macho, umeandika uongo. Hapo ndipo Mizani alipokuwa hodari. Alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la mikate miaka mingi, akikata na kupima unga uliokandwa, na hakuwa na aibu ya kumtazama mtu akitafuna. Bwana mmoja alimuuliza kama anahesabu na meno yake. Alimjibu, "Endelea kula, baba," akaendelea kukodoa.

Alikuwa ameachika zamani, hakuwa na mtoto, akaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Mtu wake duniani alikuwa dada yake.

Dada alimzidi miaka mingi, na ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa mwili na kicheko, na nyumba yake ilikuwa imejaa vitambaa vya kaki na samawati hadi kwenye viti. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache anayerudi jioni macho mekundu kwa cheche. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali. Kila Jumapili Mizani alikwenda kwa dada yake, akavua viatu, akakunjua sare, akatoa nyuzi, wakasengenya ulimwengu mzima.

Jumapili moja Dada alinyoosha mkono kumpa mkasi, na saa yake ya mkononi ikateleza mpaka karibu na kiwiko. Mizani akaganda na ule mkasi. Alimtazama dada yake vizuri, na alichokiona kilimkata maini. Gauni lilikuwa limemkaa sawasawa, lakini lazima likae sawasawa, maana mwenye gauni ni fundi na cherehani iko mbele yake. Kila mwili ulipopungua, alikuwa amebana mishono. Mumewe angeona nini? Mume huona nguo, na nguo zilikuwa zinamtosha.

"Dada, umepungua."

"Umri huo. Ulitaka ninenepe mpaka lini?"

"Unakula?"

"Nakula mpaka naona haya."

"Unameza vizuri lakini?"

Dada alisimamisha cherehani. "Mdogo wangu, nameza hata mawe. Yalete uone."

Mizani hakuuliza swali hilo ovyo. Mama yao alikufa kwa koo. Alianza kwa kuacha maganda ya mkate, kisha akaacha nyama, kisha akaacha wali, na kila mmoja akadhani bibi anadeka. Walipomfikisha hospitali alitobolewa tumbo akawekewa mpira wa kulishia, na hakurudi nyumbani tena. Dada ndiye aliyemuuguza, aliyemimina uji kwenye ule mpira, aliyemsafisha. Siku ya mazishi alisema neno moja tu kuhusu ugonjwa ule: "Mimi msije mkanifanyia vile." Watu walimpa pole, wakadhani ni uchungu wa msiba unasema.

Kwa hiyo hofu ya Mizani ilikuwa na sura kamili. Kama Dada anakula na bado anapungua, huenda ni kazi, huenda ni umri, huenda ni mawazo ya watoto waliohamia mbali. Kama hali, basi ni koo, na koo halisubiri.

Wiki hiyo hiyo shemeji yake alimfuata mpaka nje ya chumba chake, kofia mkononi.

"Shemeji, mwenzangu simwelewi," alisema. "Nimemwombea nafasi hospitali kubwa, wametupa tarehe. Yeye amekuja juu. Anasema anakula kama kawaida, haumwi, nisimchulie. Mimi nashinda kazini, mchana sipo, jioni ananiambia ameshakula. Wewe mambo ya chakula ndiyo kazi yako. Niambie, anakula au hali? Maana nikimburuta kule na hana kitu, hatanisamehe."

"Nipe muda kidogo," Mizani alimjibu.

Aliomba muda kwa sababu alikuwa ameshaona jambo. Katika orodha mpya ya nyumba zilizochaguliwa kwa kura, nyumba ya Dada ilikuwemo. Kanuni ilikuwa wazi: ukikuta nyumba ya ndugu yako, unasema, inatolewa, inawekwa nyingine. Mizani aliuchuna, hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba mlango huu amefunguliwa na Mungu mwenyewe. Siku ya kawaida huwezi kwenda kwa dada yako ukapima sahani yake, atakufukuza na ufagio. Lakini ukienda na begi la chuo, kwa jina la utafiti, atakaa ale, na mizani itasema.

Mara Ngapi alitangulia na dodoso lake. Alirudi akifurahi.

"Yule fundi cherehani ni mtu wa aina yake," alisema. "Wengine nikiwauliza wanatazama dari. Yeye anajibu papo kwa papo, na picha ya sahani anaigusa kwa kidole bila kusita. Anapenda maharage, yule. Na samaki."

Mizani alicheka, na kifua kikamlegea kidogo.

Siku ya kwanza ya kupima alifika mapema. Dada alimpokea kwa mbwembwe, akamwita mheshimiwa, akamfutia kigoda. Chai ikapimwa, mkate ukapimwa. Mchana Dada alijipakulia wali na maharage na kipande cha samaki, Mizani akaweka sahani kwenye mizani, akaandika, akaisogeza mbele yake pale pale kwenye meza ya cherehani, maana ndipo Dada alipokuwa akila siku zote za kazi nyingi. Kisha Mizani akaketi kwenye kigoda upande wa pili, akakaza macho.

Dada alinyanyua kijiko, akakishusha.

"Hivi ndivyo utakavyonikodolea? Mimi niliyekupangusa makamasi?"

Alisema huku anacheka, lakini Mizani alihisi uso unamchoma. Alikuwa amewatazama watu wasiohesabika mpaka wakapaliwa. Amemtazama mchungaji akila, ametazama askari. Lakini huyu alikuwa mkubwa wake, aliyemfundisha kushika kijiko, naye hakuwahi katika maisha yake kukaa akatazama mdomo wa dada yake. Aliona anamvunjia heshima. Aliona, kusema kweli, kama anamvua nguo.

"Basi nageuka, Dada," alisema, akazungusha kigoda, akatazama mlango.

Nyuma yake alisikia kijiko kikigonga sahani. Alisikia kutafuna. Alisikia Dada akisimulia habari za mteja aliyetaka sketi ya mtoto wa darasa la kwanza ishonwe ikamtoshe mpaka la nne, na katikati ya maneno cherehani ikanguruma kidogo, kisha kijiko tena. Ilichukua muda, lakini fundi mwenye kazi hula hivyo, huku mkono mmoja kwenye kitambaa.

"Tayari," Dada alisema.

Mizani aligeuka. Sahani ilikuwa nyeupe, mfupa wa samaki umebaki pembeni umesafishwa. Aliupima ule mfupa. Alipotoa hesabu na kuona kilicholiwa, alitaka kumkumbatia, akakumbuka kwamba mpimaji hasifu, akafuta mizani kwa kitambaa na kuinamisha uso ili machozi yasionekane.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Mayai, viazi, nyama ya mchuzi, maharage tena. Kila mara Mizani aligeuza kigoda bila kuambiwa, ikawa mazoea, na kila mara sahani ilirudi imekwisha. Siku ya mwisho aliacha dumu la mkojo na vidonge vitatu. Vidonge hivyo mhusika alitakiwa kuvimeza pamoja na chakula. Vikionekana vyote kwenye mkojo, maabara inajua hakuna mkojo uliomwagwa chooni kwa kusahau.

"Mkojo wa nini tena?" Dada aliuliza. "Mnatafuta sukari? Mimi sukari sina."

"Ni utaratibu tu, Dada. Kila mtu anatoa."

"Haya. Lakini vidonge vyenu hivi ni vifungo vya koti. Niviponde kwenye chai, vinanikwama."

Hapa ndipo mtu angetamani kumshika Mizani mabega amtikise. Mpimaji hodari, binti wa mama aliyekufa kwa koo, alichukua kijiko, akaviponda vile vidonge kwa mkono wake mwenyewe, akavikoroga kwenye chai, na hakushtuka. Alikuwa ameshapata jibu alilolitaka, na mtu aliyeshapata jibu alilolitaka haoni kitu kingine.

Jioni hiyo alipita karakana ya shemeji yake. Alimkuta anapiga msasa geti.

"Anakula, shemeji," alisema. "Tena vizuri. Nimepima kwa mikono yangu."

Yule mtu aliacha msasa, akashusha pumzi, akaketi juu ya boksi la vifaa. "Una uhakika?"

"Mizani haipendelei mtu."

"Basi Mungu asifiwe. Nilikuwa siku hizi silali." Kesho yake alipiga simu hospitali akawaambia ile nafasi wampe mwingine, mgonjwa wake hajambo. Hata hakuwa na haraka ya kuomba nyingine.

Miezi ikapita. Mizani alikwenda Jumapili zake kama kawaida, na kila alipoona mifupa ya mabega ya dada yake inachomoza kwenye gauni lililobanwa upya, alijituliza kwa zile hesabu. Alikuwa amezikariri. Kwenye kikao cha kazi, mkuu wa utafiti, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, alionyesha ukutani mchoro wa nyumba zote. Nyingine zilikuwa zimetawanyika ovyo, mdomo kaskazini, mizani kusini. Lakini kulikuwa na nyumba moja ambayo dodoso na mizani vilikubaliana kwa kila kitu.

"Nyumba za namna hii ndizo zinazotupa moyo kwamba maswali yetu yanafanya kazi," mkuu alisema. Mara Ngapi alimkonyeza Mizani. Mizani aliangalia chini kwa aibu ya mtu aliyesifiwa.

Majibu ya mkojo yalichelewa, kama kila kitu cha maabara. Yalipokuja, mkuu alimwita ofisini peke yake na kumwambia afunge mlango.

"Keti. Ni ile nyumba ya fundi cherehani. Kwa mizani yako, huyu mama anakula kuliko wewe na mimi. Kwa mkojo wake, ile nyama, yale maharage na wale samaki havikuingia mwilini. Ni mkojo wa mtu anayeishi kwa chai na uji mwepesi."

"Labda hakukusanya wote," Mizani alisema haraka.

"Dawa ya vidonge imetoka yote. Alikusanya kwa uaminifu." Mkuu alisogeza kiti. "Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimewahi kupata wapimaji wanaokaa kivulini wakabuni namba. Wewe si mtu wa hivyo, ndiyo maana nakuuliza kabla sijamuuliza mtu mwingine. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona akila?"

Mizani alifungua mdomo. "Ni dada yangu," alisema.

Mkuu alivua miwani. "Sikukuuliza hilo. Ulimwona akila?"

Mizani alikuwa anasikia kijiko kikigonga sahani nyuma ya mgongo wake, anasikia na cherehani ikinguruma katikati ya chakula.

"Nenda kwake," mkuu alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Mambo ya kazi tutayazungumza baadaye."

Alikwenda mbio mpaka pumzi ikamkata. Dada alikuwa kwenye cherehani, lakini haikuwa ikitembea, alikuwa ameilalia kwa mikono. Ilikuwa saa za mchana na sahani ilikuwa mezani, tupu, imepanguswa. Mizani hakusalimu. Alipiga magoti, akavuta ule mfuko mkubwa wa vipande vya vitambaa uliokuwa daima chini ya meza, miguuni pa fundi, mfuko ambao kila fundi anao na ambao hakuna mtu anayeutazama. Chini ya vipande vya kaki kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na wali na nyama, vimetafunwa, vimetemwa.

"Nampelekea mbwa wa jirani," Dada alisema kutoka juu. "Hata hajui kama ni makombo, yule. Ananipenda sana."

"Tangu lini, Dada?"

"Kabla hujaja na mizani yako. Kwanza ulikuwa mkate. Nikawa nauchovya. Halafu..." Alishika koo kwa vidole viwili, pale pale mama yao alipokuwa akishika. "Vya maji vinapita. Chai inapita. Vigumu navitafuna nipate ladha tu. Sikulala na njaa, usinililie."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema mtanipeleka. Mimi ndiye niliyekuwa namimina uji kwenye ule mpira. Wewe hukuwepo, ulikuwa kwenye mikate. Mama alikuwa ananitazama wakati namimina. Hakuwa na sauti, lakini alikuwa ananitazama."

Mizani alilia pale sakafuni na mfuko mapajani, kilio cha mtoto, na Dada, ambaye kunyanyua mkono kulikuwa kazi, akamshika kichwa.

Walimpeleka. Shemeji alimbeba mpaka kwenye gari, na aliponyanyuka naye uso wake ulibadilika, kwa sababu ndipo alipojua uzito wa mkewe.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipomaliza kutazama koo aliacha haraka. Aliwatoa nje ya chumba. Alisema uvimbe umeshika mpaka chini, kukata haiwezekani tena. Alisema wangeweza kumwekea mpira tumboni ili apate nguvu kidogo. Mgonjwa alikuwa ameshakataa, tena kwa adabu. Kisha akageuza karatasi, akakunja uso.

"Hapa inaonyesha alipewa tarehe mapema mwaka huu. Wakati ule pengine tungeweza kufanya kitu. Kwa nini hakuletwa?"

Shemeji aliizungusha kofia yake mikononi. Angeweza kunyoosha kidole, mtu wa kunyooshewa alikuwa amesimama karibu naye.

"Tulidhani anakula," alisema.

Chuo kilimsimamisha Mizani kazi kwa kuficha undugu, na hakubisha. Nyumba ya fundi cherehani ilifutwa kwenye hesabu kana kwamba haikuwahi kupimwa, na ile michoro mingine ikaendelea bila yao. Mara Ngapi alikuja wodini mara moja na maua, akakaa, akakosa hata swali moja la kuuliza.

Mizani alishinda kando ya kitanda. Alimlowanisha dada yake midomo kwa pamba, alimgeuza, alimpaka mafuta mgongoni ambako mifupa ilikuwa inatoboa ngozi. Swali moja lilikuwa linamkaba, naye alikuwa analimeza kila siku, akiogopa kumsumbua mgonjwa. Mwishowe likamtoka, asubuhi moja wakati wahudumu wanabadilisha mashuka ya kitanda cha jirani.

"Dada, ulikubalije kupimwa? Ungekataa tu. Watu wengi wanakataa."

Dada alikuwa amebakiwa na sauti ya kunong'ona. Alitabasamu, na kile kicheko chake cha zamani kikapita usoni kidogo.

"Angekuja mwingine ningekataa," alisema. "Mwingine angenikazia macho. Nilipoona ni wewe, nikajua sitapata taabu." Alipumzika, akatafuta mkono wa mdogo wake juu ya shuka. "Hata mara moja hukugeuka nyuma kunitazama. Nikasema moyoni, huyu nimemlea vizuri. Ana adabu. Nilitaka nikushukuru, nikawa sina pa kuanzia."

Alikuwa anasema kweli. Hakuwa na kejeli, hakuwa na lawama, alikuwa anashukuru. Mizani aliupokea ule mkono, akaubusu, akasema, "Ahsante, Dada," kwa sababu hakuna kitu kingine ambacho angeweza kumwambia mtu aliye katika hali ile. Dada akafumba macho, akalala.

Nje kwenye korido shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia juu ya goti, viatu vyake vya kazi vina madoa ya rangi ya geti. Alimsogezea Mizani nafasi. Wauguzi walikuwa wakipita na ndoo zao.

"Kuna kitu kimoja sikielewi," alisema hatimaye. "Sikulaumu, shemeji, usinielewe vibaya. Nataka kuelewa tu. Ulikuwa umekaa mbele yake. Mimi nilikuwa kazini, mimi ni mjinga wa mambo hayo. Lakini wewe ulikuwa pale pale, na hiyo ndiyo kazi yako. Alifanyaje?"

Mizani angeweza kusema kwamba Dada alikuwa mjanja. Ingekuwa kweli, na yule mtu angeridhika, na wangeendelea kuwa shemeji wa kukaa benchi moja mpaka wazeeke.

"Sikumwangalia," alisema. "Aliniambia ninamkodolea. Nikaona haya. Nikageukia mlangoni."

"Siku hiyo?"

"Siku zote."

"Hata siku moja hukumwona akiweka chakula mdomoni?"

"Hata siku moja, shemeji."

Yule mtu alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, akitazama sakafu. Kisha akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa ni hospitali, akasimama, akaingia wodini kwa mkewe na kuufunga mlango nyuma yake.